Maelezo kwa Anayekwenda Leningradi

Kaka yangu Yeremia alipokuja karakana kuniambia kuwa binti yake Eliana amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Urusi, katika mji ule ule niliosomea mimi, nilimjibu kwamba anakanyaga boliti zangu. Ndivyo nilivyo. Habari nzito ikinifikia, kwanza natafuta kitu kidogo cha kugombea. Yeremia ananijua tangu tukichunga ng'ombe pamoja Unyambwa, kwa hiyo alisogea pembeni akangoja nimalize.

"Mwandikie mambo ya kule, Zefania," akasema. "Wewe umekaa miaka sita. Mtoto asiende kama kipofu."

Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na nne, upepo wa Singida ukijaza vumbi kwenye kila kitu nilichokuwa nimekipaka grisi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepunguzwa kazini pamoja na wenzangu mia na kitu. Shirika liliuzwa, sisi tukapewa barua, na mimi mhandisi mwenye shahada ya Leningradi nikawa fundi wa mashine za kusaga. Silalamiki. Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, zilikuwa zimemnunulia mashine kila aliyeweza, na mashine ni lazima iharibike, kwa hiyo sikulala njaa. Lakini miaka ilikuwa imepita bila mtu yeyote kuniuliza juu ya kule. Nilipoombwa, nilifurahi kuliko nilivyotaka Yeremia aone, nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu jioni ile ile.

Niliandika wiki nzima, kila nilipomaliza kazi. Nilimwandikia kwamba pasipoti itembee naye, na kwamba ndani ya siku tatu za kufika ni lazima aandikishwe, kwa sababu kule mtu asiyeandikwa hayupo. Nilimwandikia juu ya treni zinazopita chini ya ardhi, chini kabisa kuliko kisima chochote alichowahi kukichungulia. "Utashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe. Simama upande wa kulia. Upande wa kushoto ni wa wenye haraka, na wenye haraka wa kule hawana adabu."

"Maji ya bomba usinywe mpaka yachemke. Wenyeji watakuambia ni safi, lakini wenyeji wana matumbo yao.

"Baridi ikianza kulegea, usitembee karibu na kuta. Barafu hudondoka kutoka mapaani kwa mapande makubwa, na huua.

"Koti lako lishone kitanzi imara shingoni. Kila jengo utakaloingia, chuo, maktaba, hospitali, utalikabidhi koti kwa mama mzee aliyeketi nyuma ya kaunta, naye atalitundika kwa kitanzi hicho. Kikikatika atakugombeza mbele za watu, na haki atakuwa nayo."

Koti lenyewe tulikwenda kulitafuta pamoja kwenye mitumba. Siku hizo mabelo yalikuwa yamefika mpaka Singida, na ndani ya mabelo kulikuwa na makoti ya baridi ya Ulaya ambayo hakuna mtu aliyejua ayafanye nini katika jua letu. Muuzaji alikuwa na moja la sufu nyeusi, zito kama gunia la uwele, ambalo alisema limetundikwa pale tangu Pasaka na mbuzi ameshalitafuna mara mbili. Nililipima kwa mkono, nikalisugua, nikamwambia Eliana hili ndilo. Alilivaa pale pale sokoni, jua la saa saba, watu wakacheka, naye akacheka nao. Alikuwa msichana mrefu mwenye macho ya kuhakiki mambo, na kitanzi cha koti alikitazama mwenyewe kabla sijamwambia.

Yapo niliyoyaandika nikayafuta. Niliandika kwamba akiona watu wamesimama mstari asiulize kinachouzwa, aulize kwanza nani wa mwisho, ashike nafasi, mengine baadaye. Kisha Moses wa Itigi, kijana aliyerudi kutoka kule mwaka mmoja nyuma, akaniambia foleni zimekwisha, duka lina kila kitu, kilichopungua ni cha kununulia. Akaniambia na sarafu yetu ya kopeki tano ya kuingilia treni haipo, siku hizi wanatumia kidude cha plastiki. Hata jina la mji wamelibadilisha. Nilimkasirikia Moses kana kwamba yeye ndiye aliyebadilisha. Nilipoondoka hapa mwaka sabini na saba, na niliporudi, sisi wenyewe tulikuwa tunapanga mawe mlangoni pa duka ili jiwe lishike foleni ya sukari mwenye nalo akienda shamba. Sasa foleni zimekufa hapa na zimekufa kule, na mimi nimebaki na ujuzi wa kusimama.

Lakini sehemu moja sikuifuta, kwa sababu hata Moses alikubali kwamba ni kweli bado. "Kila kitu kule kina namba. Nyumba ina namba, lango lina namba, treni ndogo ya barabarani iitwayo tramu, koti lako pale kaunta, kitanda cha hospitali. Ukipotea usimtajie mtu jina la mahali, mtajie namba. Hakuna kitu kule kisicho na namba." Nilipigia mstari kwa rula.

Zikiwa zimebaki siku tano Eliana aondoke, Mama Gasto alikuja karakana.

Alitembea kutoka Mwankoko kwa miguu, amevaa raba za marehemu mumewe, kanga imemkaza kichwani kwa sababu ya upepo. Nilifuta kigoda mafuta, nikampa shikamoo, akaitikia kwa Kinyaturu na kuniulizia nyumba yangu yote mpaka kuku.

"Nimesikia binti wa Yeremia anakwenda kule alikolala Gasto."

"Ni kweli, mama."

"Na wewe unamwandikia njia."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwandikie na ya kaburini. Wewe ndiye unayeijua."

Alifungua pindo la kanga akatoa kifuko kidogo, kimeshonwa kwa mkono, kitambaa cha mistari. Nilikitambua kitambaa hicho. Lilikuwa shati la mzee Mughwai, mumewe, tuliyemzika mwaka uliotangulia.

"Achote udongo, ukijaa hiki unatosha," akasema. "Mzee alisema kabla hajafa, tukiupata udongo wa Gasto tuufukie ubavuni kwake. Na mimi siku yangu ikifika mniweke upande wa pili, mtoto awe katikati. Sina kingine ninachongoja hapa duniani, mwanangu, nakuambia kweli."

"Nitaandika, mama," nikasema.

"Mungu akubariki. Ulimzika mwanangu, na sasa unanirudishia."

Akainuka, akaenda zake. Mimi nilibaki na kifuko mkononi mpaka mwenye mashine akaja kudai mashine yake, nikamfokea bure.

Sikumzika Gasto. Hilo ndilo jambo lenyewe, na afadhali niliseme wazi hapa, maana sikulisema kwa miaka kumi na minne.

Tulikwenda pamoja, yeye wa Mwankoko na mimi wa Unyambwa, chumba kimoja, sufuria moja. Januari ya mwaka themanini alianza kukohoa, akalazwa. Mimi nilikuwa na tikiti ya kwenda Moskwa likizo ya baridi, kulikuwa na wenzetu kule na kulikuwa na sherehe, na Gasto mwenyewe kitandani aliniambia nenda, urudi umeniletea chai ya Kenya kutoka kwa wale jamaa. Nikaenda. Hakuna aliyejua nilipofikia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunitafuta. Niliporudi tarehe sita Februari, kitanda chake hosteli kilikuwa kimekunjwa. Homa ya mapafu ilimwua siku ya nne tangu niondoke. Nchi yetu ilikuwa imetoka vitani, fedha za kigeni hazikuwepo, mwili haukuweza kusafirishwa. Chuo kilimzika. Walikuwepo Wakongo wawili na mama mtunza hosteli, Nina Petrovna, ambaye aliniambia ameweka mkate kaburini kama wanavyofanya wao, halafu akaniambia la maana zaidi: "Nenda pale ofisini wanapoandika waliokufa. Vituo viwili vya tramu kutoka hapa. Chukua pasipoti yako, utaje jina na mwezi, watakupa namba ya kaburi."

Sikwenda. Wiki ya kwanza niliona aibu. Nilijiona nikisimama mbele ya karani nikitamka jina la rafiki niliyemwacha akikohoa nikaenda kucheza muziki. Wiki ya pili masomo yalibana. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilikuwa sababu ya kutokwenda siku iliyofuata.

Ikaja barua ya mzee Mughwai. Haikuuliza mwanawe alikufaje. Iliuliza swali moja tu: nani wa kwetu aliyeshika udongo?

Katika ukoo wao, mtu akifa mbali, ni lazima mkono wa nyumbani uweke udongo wa kwanza. Aliyeushika akirudi, hufika kwa mama wa marehemu, mama humiminia maji mikono yake mlangoni pa zizi, na hapo ndipo msiba unafungwa. Bila hivyo msiba unakaa wazi. Mama hakati nywele, jina la marehemu halipewi mtoto, na watu wa nyumba hiyo wanaishi kama walioacha mlango bila komeo. Nilijua yote haya nilipoishika kalamu. Nikamjibu mzee kwa neno moja: mimi.

Niliporudi mwaka themanini na tatu walinipokea Mwankoko kwa heshima. Mama Gasto alimimina maji kutoka kwenye kibuyu, polepole, akilia, nami nikanawa. Nilijiambia nimewasaidia. Huenda kweli niliwasaidia, sijui, lakini maji yale yamenichoma ngozi mpaka leo.

Sasa ningeweza kumwambia Mama Gasto ukweli siku ile ile aliponiletea kifuko pale karakana. Badala yake nilikaa na daftari nikaandika ukurasa wa kaburi. Nilichagua makaburi ambayo nilikuwa nikiyapita kwa tramu. Nikaandika ashuke pale penye ukuta mwekundu, aingie lango kubwa, aende moja kwa moja mpaka kwenye kanisa dogo, apinde kushoto, ahesabu safu tatu, ataona mti wenye gome jeupe. Kule miti yenye gome jeupe ni kama michongoma hapa. Nilijua kwamba Eliana atafika, ataona mti, ataona kaburi lolote, atachota, na mama atafukia udongo wa Mrusi asiyemjua kati yake na mumewe. Nililijua hilo nikaliandika, tena kwa mwandiko mzuri.

Jumatano Eliana alikuja na daftari kwapani. Alikuwa amelisoma lote, na kwenye karatasi alikuwa na maswali yake. Tuliyamaliza moja moja, kitanzi, kituo, sindano za mafua. Mwisho akafungua ukurasa wa kaburi akauweka mbele yangu juu ya benchi la kazi.

"Baba mdogo, hapa sielewi."

"Huelewi nini? Nimeandika Kiswahili."

"Umeandika namba ya kila kitu. Namba ya tramu, namba ya chumba cha kuandikishwa, mpaka namba ya ngazi za maktaba. Na umesema hakuna kitu kule kisicho na namba, ukapigia mstari. Hapa hakuna hata moja. Tramu haina namba, lango halina namba, kaburi halina namba. Kuna mti tu."

Nikamwambia ni miaka mingi. Nikamwambia mtu hawezi kukumbuka yote. Akasema, "Umekumbuka kopeki mbili za simu." Nikampandishia sauti, nikamwambia asinifundishe kazi, na ile spana niliyokuwa nayo nikaitupa kwenye bati. Hakushtuka. Alingoja kama baba yake anavyongoja, na mimi nikachoka ghafla, nikaketi kwenye kigoda cha wateja, nikamwambia yote.

Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja kwanza, cha kazi.

"Hiyo ofisi ya vituo viwili, bado ipo?"

"Ofisi za namna ile hazifi."

"Basi niandikie hiyo, uchane huu." Akachana mwenyewe ule ukurasa, akaukunja, akautia kwenye moto wa mkaa niliokuwa nikiyeyushia risasi ya kuchomelea. "Lakini kifuko sikipokei, baba mdogo. Sitachota udongo kwa mama ambaye hajui ninachomtafutia. Akikikabidhi yeye mwenyewe, akijua, nitakipokea. Naondoka Jumamosi."

"Utanivunjia heshima kwa watu."

"Sitamwambia mtu. Wewe utamwambia yeye."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mwankoko. Njiani nilipanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuwa yananitetea mimi, nikayaacha. Mama Gasto alikuwa uani akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zikiruka kwenye turubai. Aliponiona aliweka fimbo chini, akaenda kuleta kiti. Nikamwambia asilete kiti.

"Mama, Gasto sikumzika," nikasema. "Sikuwepo. Nilikuwa nimesafiri kwenda kustarehe, nilirudi wameshamzika. Kaburi lake sijawahi kuliona."

Alisimama na kiti mkononi. Kisha akaketi yeye mwenyewe kwenye kile kiti.

"Na barua kwa mzee?"

"Niliandika uongo."

"Na maji niliyokumiminia?"

"Nilinawa mikono mitupu, mama."

Nilitamani anitukane. Nilitamani apige kelele majirani waje, kwa sababu hapo ningejua la kufanya, ningeinamisha kichwa basi. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba mzee alikufa akiwa ameshukuru, na kwamba Mungu amefanya vizuri kumficha mzee jambo hili.

"Kwa nini hukwenda kumtafuta baadaye?" akauliza. "Ulibaki kule."

Nilikuwa nimefika mpaka hapo kwa ukweli. Ilibaki hatua moja, na miguu ikakataa.

"Mji ni mkubwa sana, mama," nikasema. "Ilikuwa vigumu. Maofisi, makaratasi, watu ni wengi. Haikuwa rahisi."

"Ilikuwa vigumu," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto wa Yeremia ataweza?"

"Atajaribu."

Akafikiri. Kisha akaniambia niandike. Nilikuwa na daftari, nikachuchumaa palepale kando ya turubai, nikaliweka gotini. Niliandika mtaa wa ofisi na jina la kituo cha tramu. Niliandika jina la Gasto kwa herufi za Kirusi, mwaka, mwezi, chuo, ili hata karani mwenye haraka asipate kisingizio. Kisha nikaandika sentensi ya kumwonyesha karani, na Mama Gasto akataka nimsomee maana yake.

"Nimeandika: Natafuta kaburi la ndugu yangu."

"Eliana si ndugu yake. Usiandike uongo tena humo." Akanyoosha kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. "Andika: Nimetumwa na mama yake. Mama yake yu hai."

Nikaandika hivyo. Aliingia ndani akarudi na nguo ya kujifunika, akatia pindoni kifuko nilichokuwa nimemrudishia, akasema anakwenda Unyambwa kumkabidhi Eliana kwa mkono wake. Mama Gasto hakuwahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Hata wauza sufuria aliwasindikiza mpaka njia panda. Siku hiyo aliniambia nitangulie. Nilipogeuka nyuma alikuwa anangoja nifike mbali ndipo aanze safari yake.

Eliana aliondoka Jumamosi kwa basi la Dodoma, koti limefungwa juu ya sanduku kwa kamba. Mimi sikumwambia mtu, na Mama Gasto hakumwambia mtu. Kanisani alikaa upande wake nami upande wangu. Nikimpa shikamoo aliitikia, kwa sababu shikamoo haikataliwi, lakini kuku wangu hakuwaulizia tena.

Ikapita Septemba, Oktoba, mvua zikaja mwishoni mwa Novemba, watu wakaingia mashambani. Wiki ya pili ya Januari Yeremia alipita karakana, safari hii akikwepa boliti.

"Mama Gasto anakuita," akasema. "Barua imefika kutoka kwa Eliana, imekuja kwa jina lake. Mwinjilisti amejitolea kumsomea, amekataa. Anasema isomwe na wewe."

Nilimkuta ameshaweka kiti. Barua ilikuwa haijafunguliwa, ameiweka juu ya kitambaa safi mezani. Aliketi mbele yangu, mikono magotini, akaniambia nisome yote kama ilivyoandikwa, pole pole, nisiruke.

Nikafungua. Eliana alimwamkia, akamwambia baridi ni kali lakini ni mzima, na hosteli wanamwita kwa nusu ya jina lake. Nikasoma hayo. Macho yangu, kwa kuwa macho hutangulia mdomo, yalikuwa yameshafika chini, nikaona kinachokuja.

Yeye hajui kusoma. Naliweka hili wazi. Palikuwa na mistari minne, na ningeweza kuiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, nikaendelea na udongo, na hakuna ambaye angejua mpaka Eliana arudi likizo, na labda hata hapo. Sauti yangu ilisimama. Mama Gasto hakuniuliza kwa nini imesimama.

Nikasoma: "Mama, nimempata Gasto. Nilikwenda siku ya Jumanne kabla ardhi haijaganda. Saa tatu asubuhi niliingia kwenye ofisi aliyoiandika baba mdogo, nikamwonyesha karani ile karatasi. Aliisoma, akanitazama, akaenda kuleta daftari la mwaka themanini, akaniandikia namba. Saa sita nilikuwa nimesimama kaburini. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta kwa miezi, mama, lakini haikuwa vigumu. Ilikuwa asubuhi moja tu."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia, kuanzia saa tatu mpaka asubuhi moja.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Alisubiri ipungue, maana alitaka nisikie vizuri, na alipoongea hakupandisha sauti.

"Tangu ulipoambiwa amekufa mpaka ulipopanda ndege kurudi kwetu, Zefania. Asubuhi zilikuwa ngapi?"

Sikuwa na haja ya kukokotoa. Nilikwisha kuzihesabu zamani, mara nyingi, nikiwa peke yangu.

"Elfu moja mia mbili hamsini na mbili, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa jambo alilokuwa akilikadiria.

"Soma mbele," akasema.